Mkutano Ulipomwoza Bibi

Mwezi uliopita, kanisani kwetu hapa mjini Unguja, tulichagua wazee wa kanisa. Mwenzangu, kulikuwa na kampeni! Bwana mmoja alikuwa akiwanywesha watu chai baada ya ibada, na sambusa juu yake, akisema ni ukarimu tu. Mwingine aliwashonea wanakwaya sare. Siku ilipofika, mchungaji akasema wanaomtaka fulani wanyooshe mikono. Mikono ikaenda juu. Yangu ikabaki mapajani. Mama mmoja aliyekaa ubavuni kwangu akanigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Bibi, humtaki?" Nikamwambia namtaka. "Sasa mbona hunyooshi?" Nikaunyoosha mkono nusu, nikaushusha, likaja jina la pili nikaunyoosha tena, na hadi natoka mlangoni nilikuwa sijui nimemchagua nani.

Usinicheke. Mimi nililelewa Pemba, kwa Wakristo ambao hawakunyoosha hata kidole kumchagua mtu, na namna walivyomchagua bibi yangu sijaielewa mpaka leo, na umri huu nilionao. Kila nikidhani nimeielewa, inanitoka. Labda nikikusimulia wewe itakaa sawa.

Misheni yetu ilikuwa ndani ya mashamba ya karafuu upande wa Chake. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya nyumba ya ibada ulikuwa unayaona maji ya Wesha kwa mbali. Tulikuwa wachache. Wengi wetu tulikuwa wazao wa watu waliozaliwa utumwani, wakapewa pale mahali pa kujenga na kazi ya mshahara baada ya utumwa kufutwa. Bibi yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa msichana mkubwa katika nyumba ya mwenye shamba mmoja siku aliyoambiwa kuwa yuko huru, na alikuwa akituhadithia kwamba alimaliza kwanza kuosha vyombo, akavipanga, akafagia na jikoni, ndipo akaondoka. Nikimuuliza kwa nini, alisema vyombo havikuwa na kosa.

Maisha yetu yalikwenda na karafuu. Wakati wa mavuno watoto tulikaa ukumbini jioni nzima tukichambua, karafuu huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, vidole vikawa vyeusi na vikali hata ukijilamba unaumia ulimi. Mchana zilianikwa juu ya majamvi, na wingu likitokea upande wa bahari ilikuwa ni mbio: bibi anapiga kelele, kuku wanatawanyika, sisi tunakunja majamvi na kukimbiza ndani. Tukimaliza tulipewa shelisheli la kuchoma, limepasuliwa linatoa mvuke, na tui zito la nazi kwenye kata. Msimu wa mashokishoki tulikula mpaka midomo ikachanika. Doriani bibi hakuliruhusu ndani ya nyumba. Alisema tunda lile kwa harufu yake halina adabu, likae nje na wanaolitaka wakae nalo.

Sasa nije kwenye ibada. Nyumba yetu ya ibada haikuwa na kengele, wala msalaba, wala mimbari. Tuliingia Jumapili asubuhi, wanaume upande ule, wanawake upande huu, tukakaa kwenye mabenchi, tukanyamaza. Ndiyo ibada yenyewe hiyo. Tulifundishwa kwamba Mungu akiwa na neno atampa mtu yeyote miongoni mwetu, huyo atasimama aseme, na asipotupa neno basi tutakaa hivyo hivyo mpaka wazee wapeane mikono kuifunga ibada. Siku nyingine hakuna aliyesimama. Nilikuwa nasikia bati likilia kwa jua, matumbo ya watu yakinguruma, na kunguru anayejisemea juu ya paa. Jirani yetu, Bi mmoja Muislamu wa mpakani mwa shamba, alikuwa akimtania bibi kila akituona tunarudi. "Nyie leo mmesali au mmelala?" Bibi humjibu, "Tumesali, lakini aliyelala hatukumwamsha."

Kumchagua mtu wa kufanya kazi ya mkutano, maana ndivyo tulivyojiita sisi waumini wote, nako kulikuwa kwa kunyamaza. Mkutano wa kazi ulikuwa mara moja kwa mwezi. Mzee aliyeitwa Mwandishi, ambaye ndiye aliyeongoza mazungumzo, alilitaja jina la mtu na kazi anayofikiriwa. Kisha watu walikaa kimya na lile jina. Hawakupiga kura, kwa sababu, walisema, kura lazima impate mtu wa kushindwa, na wao hawakutaka mtu ashindwe ndani ya nyumba ya Mungu. Kama kulikuwa na mmoja tu ambaye moyo wake ulikataa, alisimama akasema, "Nina uzito." Hakulazimika kueleza uzito gani. Maneno hayo mawili yalitosha, shauri likalala mpaka mwezi ujao. Na kama hapana aliyesimama, Mwandishi alimwuliza mwenye jina kama anaona ameitwa, naye alipewa muda wake wa kukaa na kusikiliza, hata miezi, mpaka ajibu kwa mdomo wake mwenyewe. Mtu hakuhimizwa. Baba mmoja aliyetakiwa kuwa msimamizi wa shule alikaa kimya tangu mavuno hata mavuno mengine, na alipojibu akasema hapana.

Nafasi iliyokuwa wazi wakati ule ilikuwa ya mwangalizi wa wanawake. Mwangalizi aliwatembelea wagonjwa, alikaa na wafiwa, aliwapatanisha mke na mume. Na alikuwa na kazi moja zaidi, ngumu kuliko zote: mtu wa mkutano akitoka kwa kuolewa nje ya imani, ni mwangalizi aliyetumwa kumwendea nyumbani kwake na kumwambia, uso kwa uso, kwamba mkutano haumhesabu tena kuwa wake. Mpaka aambiwe hivyo, mtu huyo alikuwa bado wetu, hata akikaa wapi. Akishaambiwa, basi.

Hapo ndipo palipokuwa na mama yangu.

Mama hakukaa nasi. Baba alianguka kutoka juu ya mkarafuu akafa kabla mimi sijajua kutembea, na baada ya miaka kadhaa mama aliposwa na fundi cherehani wa Jadida, kule Wete, Muislamu, mtu mpole wa kupindukia. Mama akasilimu, akaolewa, akaenda zake. Mimi nikabakishwa kwa bibi kwa sababu bibi alisema hawezi kulala nyumba tupu. Mwangalizi wa zamani, kikongwe cha watu, alifariki kabla ya kumfikia mama, kwa hiyo shauri la mama lilikuwa limening'inia. Kila mtu alijua kuwa atakayekuwa mwangalizi mpya, safari yake ya kwanza ni Jadida.

Nikuambie mtoto mimi nilielewaje? Nilielewa kwamba mkutano ndio unaogawa watu. Ulimpa Bwana wa misheni, mzungu wetu, shule, ulimpa Mwandishi kiti cha mbele, na mimi ulinipa bibi na mama. Basi ukisema huyu si wetu tena, mama angekoma kuwa mama yangu pale pale, kama taa inavyozimwa. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Nilijitungia mwenyewe, nikaliamini kuliko Injili, na nikawa na hofu ambayo sikumwambia mtu.

Siku ya mkutano wa kazi, Bwana wa misheni, yule mzungu aliyetufundisha desturi hizi, alikuwa kitandani na homa. Mzee Mwandishi aliongoza peke yake. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kofia aliyoivua mlangoni na kuishika kifuani muda wote. Alikuwa amekulia kwa watu wa kisiwani kama sisi sote, harusi za majirani amekaa nyingi kuliko mikutano. Akasimama, akalitaja jina la bibi.

Nyumba ikanyamaza. Nilimtazama kila mtu, mmoja baada ya mmoja, nikiomba asimame mtu aseme ana uzito. Na hapo hapo, ajabu yangu, nilikuwa naomba asisimame mtu, kwa sababu bibi yangu alikuwa ametajwa mbele ya watu na kifua changu kilikuwa kimejaa. Hakusimama mtu.

Mwandishi akamgeukia bibi. "Bi mkubwa, mkutano wakutaka uwe mwangalizi. Waridhika?"

Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Hakujibu. Ndiyo ilivyotakiwa, asijibu haraka. Lakini Mwandishi, badala ya kuketi na kumpa miezi yake, aliendelea kusimama. Akauliza tena, sauti laini zaidi, "Waridhika, Bi mkubwa?" Kimya. Akauliza mara ya tatu. Bibi hakuinua uso.

Sasa wewe unajua, na Pemba nzima inajua, mwari anayeozwa huulizwa mara tatu nyuma ya pazia, na akinyamaza, kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Mzee Mwandishi akatabasamu, akaiweka kofia yake juu ya benchi, akasema, "Basi. Karidhia." Na mwanamke mmoja wa benchi la nyuma, sijui kimempata nini, akapiga kigelegele. Ndani ya nyumba ile, ambayo hata kwa kukohoa watu walitoka nje! Mwingine akamwitikia. Wakamzunguka bibi, wakampa mkono, wakambusu, wakamlilia, na kanga yake ikaanguka mabegani, nikauona uso wake. Sijapata kuuona uso uliopigwa bumbuwazi kama ule.

Tulipotoka, jirani yetu alikuwa amefika mbio, sahani ya visheti mkononi, maana kigelegele hakisikiki bure. "Nani kaolewa?" aliniuliza mimi.

"Bibi."

"Na nani?"

Nikafikiri. "Na mkutano."

Akatutazama sote, kisha akaniwekea visheti mkononi. "Wallahi, siye twajuana na nyie tangu zamani, lakini hamwishi kunishangaza."

 Tulipofika ukumbini bibi alikaa chini, akanyoosha miguu, akasema, "Nimeozwa." Nikamwuliza kwa nini hakukataa. Akasema alikuwa anasubiri. "Ukisubiri nini, bibi?" Akasema, "Ndiyo nilikuwa bado sijakijua." Siku nyingine nilimwuliza tena, akaniambia kuwa Mwandishi alimshitukiza. Na mara ya tatu, tukiwa tunakuna nazi, akanipa jibu jingine kabisa ambalo sijalisahau. "Mie toka nizaliwe hakuna ntu aliyeniuliza kama nataka. Niliposikia naulizwa, nikanyamaza ili waniulize tena." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaendelea kukuna. Sijui ni jibu lipi lililokuwa la kweli. Inawezekana yote.

Bwana wa misheni alipoinuka kitandani alisikia habari, akaja kwa Mwandishi na uso mwekundu. Alisema haukuwa utaratibu, mtu hawezi kuulizwa mara tatu papo kwa papo, na vile vigelegele vilikuwa vya nini. Mwandishi alimsikiliza mpaka mwisho, kofia kifuani. Kisha akamwambia kwa heshima kwamba mkutano wote ulikuwepo, hakuna aliyekuwa na uzito, na ndoa haivunjwi kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa na homa.  Nafikiri Bwana na yeye hakuelewa kama ametaniwa au amejibiwa.

Basi tukaenda Jadida. Ilikuwa Ramadhani. Bibi alivaa kanga zake mpya za doti moja, akanichukua nami kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Tulipanda lori lililobeba magunia, tukakaa juu ya karafuu. Nilikuwa nimeshika pindo la kanga ya bibi kwa mikono miwili. Nilikuwa nafikiri kwamba tukirudi na lori hili sitakuwa na mama. Nilitaka kumwambia bibi tushuke, lakini bibi alikuwa ametumwa, na aliyetumwa na mkutano ametumwa na Mungu, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi ni nani wa kumshusha?

Baba wa kambo alikuwa barazani na cherehani yake. Alituona, akasimama, akaja kumwamkia bibi ameinama kabisa. "Karibu mama, karibu. Nyumba yako." Akamwita mama yangu atoke, kisha akachukua kofia yake akaenda msikitini mapema, ili mtu na mwanawe wazungumze. Mama akatoka ndani. Alikuwa mjamzito, tumbo limeshaonekana. Akaushika mkono wa bibi akaubusu, akanikumbatia mimi, akinuka hiliki na moshi wa kuni, nikaanza kulia, wakadhani ni uchovu wa njia.

Tukakaa uani kwenye mkeka. Mama akaleta ungo wa mchele wa futari, wakawa wanauchagua wawili. Nilikaa katikati yao nikimchunga bibi mdomo. Kila alipoufungua nilidhani neno lile linatoka. Akasema, "Mchele huu una vijiwe." Nikapumua. Baada ya muda akaufungua tena. "Mimba yakutesa?" Mama akasema hapana, safari hii haimtesi. Nikapumua tena. Nilikuwa na njaa na kiu, na hakuna aliyeniletea maji kwa kuwa bibi mwenyewe alikataa kunywa, akasema hawezi kunywa mbele ya aliyefunga.

Mwisho mama akauweka ungo chini. "Mama," alisema, "umetumwa?"

"Nimetumwa."

"Basi sema. Mie si mtoto. Nayajua mambo ya kwetu."

Bibi hakusema. Aliikunja mikono mapajani, akainamisha kichwa, akanyamaza kile kimya cha Jumapili. Nilikijua, na mama alikijua. Niliona mama naye anaikunja mikono yake, anainamisha kichwa, kama aliyerudi kwenye benchi lake la zamani. Wakakaa hivyo. Kuku akaingia kwenye ungo akala mchele, hakuna aliyemfukuza. Mimi nilitaka kumfukuza lakini niliogopa kwamba nikisema kitu, nitaliita lile neno litoke.

Ndipo ikaadhiniwa alasiri. Mama akainua kichwa, akamtazama bibi, hakujua ainuke au abaki. Bibi akainuka yeye. Akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akarudi na kata, akasema, "Nyoosha mikono." Akammiminia maji ya udhu, ya mikono, kisha ya uso, kisha akapiga magoti na mifupa yake ile akammiminia ya miguu, kwa sababu tumbo lilimzuia mama kuinama vizuri. Mama alikuwa analia, na maji yakawa hayajulikani yapi ni yapi. Akaingia ndani kusali. Bibi akarudi kwenye mkeka, akamfukuza yule kuku, akaniambia, "Wewe nawe umekaa wamtazama ndege anakula futari ya watu!"

Hayo ndiyo aliyosema. Jioni tukafuturu, uji wa mchele wenye pilipili manga, tambi, muhogo wa nazi na samaki. Baba wa kambo akahadithia kichekesho cha mteja aliyeleta kitambaa cha shati akataka kanzu, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Asubuhi tukapanda lori. Nilimwuliza njiani, "Bibi, umeshamwambia?"  "Wewe ulikuwepo," alisema. "Umesikiaje?" Nikamwambia sikusikia kitu. Akasema, "Haya."

Mkutano wa kazi uliofuata, Mzee Mwandishi alisimama, akauliza, "Mwangalizi, neno la binti wa Jadida limefika?"

Bibi akasimama. Nilitegemea aseme limefika au halikufika, na watu wetu hawakuwa watu wa kusema uongo. Akasema, "Nina uzito." Akakaa.

Mwandishi akaitikia kwa kichwa polepole. "Mwangalizi ana uzito. Shauri litalala mpaka mwezi ujao." Na mwezi uliofuata akauliza tena, na bibi akasimama tena akasema ana uzito. Na mwezi mwingine. Ikawa kama sehemu ya ibada. Mvua za masika zilikuja na kwenda, nikaota meno makubwa, mdogo wangu wa Jadida akazaliwa, akatambaa, akaanza kwenda chuoni kusoma Kurani, na kila mwezi Mzee Mwandishi alisimama na kofia yake kifuani akauliza swali lile lile kwa adabu ile ile, na bibi, kazi zake nyingine zote akiwa amezifanya, wagonjwa amewaona, maiti amewaosha, alisimama akajibu maneno yake mawili. Bwana wa misheni alijaribu kumweleza Mwandishi kwamba pengine achaguliwe mwingine. Mwandishi akamjibu kwamba mwangalizi yupo, na mtu mwenye uzito halazimishwi, si ndivyo bwana alivyotufundisha? Bwana akasema ndivyo. Akaenda zake akijikuna kichwa.

Bibi alifariki wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka ambao sukari ilikuwa adimu hata matanga yakanywa chai ya mchaichai isiyo na kitu. Mama alikuja kumzika, buibui lake juu yake, akaingia nyumba ya ibada akakaa benchi la wanawake nasi. Wanawake walisogea wakampa nafasi. Hakuna aliyemwuliza amekaa pale kama nani. Na kiti cha mwangalizi, Mzee Mwandishi hakukitajia jina tena. Kila mwezi alisema mkutano usubiri, na mkutano wetu kusubiri ulikuwa unajua.

Mkutano wenyewe haupo siku hizi. Wengine walihamia Unguja kama mimi, wengine Tanga, wengine waliolewa na kuoa kwa majirani, na Bwana wa misheni alirudi kwao akazikwa huko. Zile nyumba zimekaliwa na watu wengine, mikarafuu mingi imezeeka. Nikikaa kanisani hapa mjini, na spika zile na vinanda, nafsi inaniuma kwa ajili ya kile kimya. Na nikianza kukitamani najiuliza hasa nakitamani nini. Maana sijui kilichotokea ndani yake.

Sijui kama Mzee Mwandishi alikosea siku ile, akachanganya harusi na ibada kwa kuwa mzungu alikuwa na homa, au alijua vizuri sana anayemwoza na kwa sababu gani. Watoto wake niliwauliza, nao hawajui. Sijui kama bibi aliitikia mwito wa Mungu au aliukataa kila mwezi mbele ya watu kwa miaka yote ile, na nikisema aliukataa naona nimemsingizia, maana hakuna aliyetumika kuliko yeye. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, nimezeeka nalo. Mchungaji wetu hapa nilimsimulia, akasema ule haukuwa uchaguzi halali.

Pengine haukuwa. Lakini nilikua, nikavunja ungo, nikaolewa, nikazaa wanangu wanne, na mwanamke aliyekuja kutoka Jadida kunikanda maji ya moto kila uzazi, mikono yake ikinuka hiliki, alikuwa bado ni mama yangu.